Paa la Kupigiwa Picha

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na shida zangu zinaanzia hapo. Walikuja watu wa serikali na lori, wakasema wote tutoke mahali tulipozaliwa tukakae kijiji kipya kando ya barabara, nyumba mstari mmoja kama wanafunzi wanaohesabiwa. Tulipewa siku tatu. Baba yangu alikuwa na shamba la mikorosho aliloachiwa na mjomba wake, na shamba halipakiwi kwenye lori. Likabaki kule, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Mwaka wa kwanza baba alikwenda kupalilia. Mwaka wa pili alikwenda akarudi bila jembe, amelisahau. Mwaka wa tatu moto wa porini ukapita ukamaliza kila kitu. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikaa barazani akiangalia ile barabara tuliyoletewa, barabara isiyopita gari, mpaka akafa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Sioni haya kulisema. Nimewaona wenye vyeti vya kutundika ukutani wakija kwangu kuomba chumvi.

Baba alipokufa nikaenda kuomba kazi ya kufua nguo kwenye misheni moja upande wa Nachingwea. Mimi ni Mwislamu, na baba yangu na babu yangu hivyo hivyo, lakini shati la padri likichafuka halina dini. Padri mwenyewe alikuwa Mzungu mzee, mrefu, mkali, miguu imemvimba kama magogo. Kiswahili alikijua kuliko makarani wengi wa wilayani, na alikitumia kugombeza. Sabuni ikipungua, kelele. Kola ikikunjamana, kelele. Nilimvumilia kwa sababu ya chumba kimoja kidogo nyuma ya stoo, chenye dirisha lililopakwa rangi nyeusi. Humo alikuwa akisafisha picha zake. Miguu ilipomshinda kusimama muda mrefu akaniita nimshikie sahani za dawa. Nikashika. Baada ya mwaka nilikuwa nasafisha mimi, yeye amekaa kwenye kiti mlangoni akigombeza.

Watu wa mjini walinicheka sana. Nikipita sokoni Nachingwea mtu ananiita kwa sauti, "Shehe wa kanisani! Umeshabatizwa au bado wanakulowesha?" Nami namjibu, "Nikishabatizwa nitakuja kukuungamisha, maana dhambi zako zote nazijua." Leo hao waliokuwa wakinicheka wengi wamekufa maskini. Waliobaki ni wapangaji wangu.

Mwaka 1980 Padri akaambiwa arudi kwao akatibiwe miguu, na kila mtu alijua kwamba akienda harudi. Siku hiyo akaniita kwenye chumba cheusi, akatoa kamera yake kabatini. Ilikuwa ya lenzi mbili, ile unayoining'iniza kifuani na kuchungulia kwa juu. Akaniambia nichukue baiskeli nizunguke makanisa manane ya zamani ya vijijini, kuanzia upande wa Naipingo mpaka ndani ya Ruangwa, nimpigie yote. Mengine yalijengwa wakati wa Mjerumani kwa mawe na udongo. La nane, la mwisho kabisa, alilijenga mwenyewe alipokuwa kijana mwenye nguvu. Mabati yake aliyasindikiza kutoka Lindi, na aliyapigilia kwa mkono wake, msumari kwa msumari.

"Nataka kuyaona kabla sijafa," akasema. "Yote. Yalivyo. Si ya kupambwa. Ukiniletea yote manane, kamera ni yako. Ukikosa moja, au ukinifanyia ujanja kwenye moja, inarudi kabatini na wewe unarudi kwenye beseni."

Nikaiangalia ile kamera. Nyakati hizo dukani hakukuwa na sabuni, sembuse kamera. Mwenye kamera Nachingwea alikuwa mmoja tu, mwalimu kutoka mkoa mwingine, na aliringa kama mwenye mvua. Nikasema, "Nitakuletea."

Akanipa mikanda miwili. Kila mmoja picha kumi na mbili. Maana yake picha tatu kwa kila kanisa, na hakuna mahali pa kupata mwingine.

Nilikwenda peke yangu. Wako watu wanaogopa kusafiri peke yao. Mimi naogopa kusafiri na mtu. Mwenzio akichoka anataka na wewe uchoke. Nilipita juu ya tuta la reli ya zamani, ile Wazungu waliyoijenga kwa ajili ya karanga zao zisizoota, halafu wakaing'oa. Tuta lilibaki, na kwa baiskeli ni njia nzuri kuliko barabara. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye zile karanga.

Sasa, makanisa. Juzi juzi alikuja kijana msomi kutoka Dar es Salaam na simu yake, anazunguka kupiga picha makanisa ya kale, akasikia kwamba nilimtangulia. Akakaa kwenye kiti changu akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unajisikiaje ulipoyaona majengo yale ya historia?" Nikamwambia nilikuwa najisikia njaa. Hakuandika.

Ukweli ni kwamba mengi yalikuwa mahame. Serikali ilihamisha watu, haikuhamisha makanisa. Unafika, unakuta kuta nene zimesimama peke yake porini, kichuguu kimeota penye madhabahu, popo juu, na mbele ya mlango mtu kapanda mihogo. Waumini wako barabarani, kwenye kibanda cha miti, wanaimbia huko. Jengo moja lilikuwa limejaa magunia ya korosho mpaka madirishani. Lingine wamefunga mbuzi. Nilipiga mbuzi. Padri alisema yalivyo.

Kilichonimaliza kilikuwa watu. Kwetu picha ni ya mtu. Ukimwambia mtu unapiga ukuta, anaona unamficha jambo. Kijiji cha kwanza walitoka wote wakajipanga mbele ya kanisa, wamevaa vizuri, mikono imenyooka ubavuni, hakuna anayecheka. Nikawaambia, "Jamani, pisheni, nataka nyumba." Mzee mmoja akanijibu, "Nyumba bila mtu ni ya maiti. Nani kafa?" Hawakupisha. Nikapiga vichwa na kipande cha mnara.

Kijiji cha tatu mwenyekiti alinishika kwa mkono. "Unapiga majengo. Umetumwa na nani? Hapa karibu kuna jeshi." Nikamwonyesha barua ya Padri. Akaisoma juu, akaisoma chini, nikajua na yeye ni wa darasa la tatu kama mimi, tofauti yetu ni kofia. Mwishowe akasema nitaruhusiwa nikimpiga yeye kwanza, amekaa mezani, ameshika kalamu. Meza ikaletwa nje na watu wanne. Kalamu haikuwa na wino, nikaona anavyoitikisa. Nikampiga. Picha mbili, kwa sababu ya kwanza alifumba macho. Moja ya kanisa niliiharibu mimi mwenyewe, mahali sitasema, na sikuirudia.

Kwa hiyo nilipomaliza kanisa la saba nilibakiwa na picha moja. Moja tu, kwa kanisa la nane, lile la Padri mwenyewe.

Padri alikuwa ametanguliza barua kwa katekista wa huko, kwamba nitafika siku fulani. Katekista alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye mwandiko wa kuchora, na kila mwezi alikuwa akimwandikia Padri habari za kanisa lile. Barua zake nilizijua, nilikuwa nampelekea Padri kitandani. Kila barua ilisema kanisa liko imara, waumini wanasali, paa halivuji. Padri mwenyewe hakuwa amefika huko tangu kabla watu hawajahamishwa. Miguu.

Mimi nikafika siku moja kabla. Niliona hakuna sababu ya kulala njiani wakati baiskeli ina upepo. Nikapita kijiji kipya, nikakikuta kimenyamaza, vikongwe na kuku tu. Nikashika njia ya hame, maili sita. Ilikuwa asubuhi bado, jua halijapanda sana. Nikasikia sauti za watu wengi porini, nyimbo, panga zinakata. Nikatokea kwenye uwanja.

Kanisa lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Mbele limepanda kwa ngazi ngazi mpaka juu kwenye msalaba. Lakini paa hakuna. Kuta nne na mbingu. Na pale mbele, nyuma tu ya ule ukuta wa mlango, watu kama thelathini walikuwa wanaezeka. Wengine juu wanafunga fito, wengine chini wanarusha matita ya nyasi. Walikuwa wameezeka kipande cha hatua nne hivi kutoka mbele. Nyuma yake wazi mpaka mwisho, na mpapai umeota ndani.

Katekista akaniona. Akashuka ngazi mpaka akakosa kipago kimoja.

"Bwana picha! Mbona mapema? Barua ilisema kesho."

"Baiskeli haijui kusoma."

"Karibu, karibu sana. Utapumzika. Kuna mbaazi, kuna kuku. Picha utapiga kesho, tukiwa tumesafisha." Akanishika bega akanizungusha. "Hebu njoo nikuonyeshe. Utasimama hapa."

Nikatazama chini. Palikuwa na kigingi kimechomekwa ardhini, kimechongwa vizuri, kipya. Alikuwa amepima. Nikasimama penye kigingi nikachungulia, na kweli, kutoka hapo huoni nyuma. Unaona mlango, unaona ngazi za ukuta, unaona ncha za paa pande zote mbili, basi.

"Usisogee kushoto," akasema. "Kuna miba."

Miba haikuwepo.

Chini ya ngazi alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kajifunga kaniki kiunoni, ndiye anayerusha matita. Baadaye nikajua ni mkunga wa kijiji, na ni Mwislamu. Kwenye kuezeka pale nusu walikuwa Waislamu. Akasimama akashika kiuno.

"Mwalimu," akamwambia katekista, maana ndivyo walivyomwita, "mwambie mtoto wa watu. Bati lako limelala juu ya wazazi wangu. Umeua?"

Ndipo likatoka. Kijiji kipya waliambiwa wajenge zahanati, mabati yataletwa. Wakajenga. Mabati hayakuletwa. Mvua ya kwanza ikapiga kuta, mvua ya pili ikaangusha upande mmoja, na wanawake wanajifungulia humo wamefunikwa turubai. Katekista mwenyewe akasema kanisani kwamba kule hame kuna mabati yanaezeka popo. Jumapili baada ya sala wakaenda. Yeye ndiye aliyepanda wa kwanza. Wakang'oa taratibu, misumari wakainyoosha wakaitumia tena kuezekea zahanati.

"Ulimwandikia Padri?" nikamuuliza.

Akaangalia kandambili zake. "Nilikusudia. Mwezi wa kwanza niliona haya. Mwezi wa pili nikaona haya kwa sababu ya mwezi wa kwanza. Sasa ni mwaka wa tatu."

Nilimdharau pale pale, na mpaka leo sijabadilisha. Moyo wa kupanda ukuta wa kanisa akang'oa bati mchana kweupe alikuwa nao. Wa kuandika mstari mmoja hakuwa nao. Na mwandiko wote ule.

Kisha nikaona jambo lingine. Nikaangalia watu juu, nikaangalia chini, nikaona hakuna aliyeliona.

"Mwalimu," nikasema. "Kanisa hili Padri aliliezeka kwa nini?"

"Kwa bati. Yeye mwenyewe. Kutoka Lindi."

"Na hicho mnachoezeka sasa ni nini?"

Jamaa mmoja juu ya ukuta alikuwa ameshika tita, akabaki nalo hewani. Hilo ndilo kosa la watu wetu. Ukiwaambia paa limetoka, mikono inakwenda kwenye nyasi kabla kichwa hakijauliza. Mgeni anakuja, nyumba inavuja, piga mbiu, watu wote wanakata nyasi, jioni paa limepatikana. Toka babu zetu. Watu thelathini walikuwa wameamka alfajiri, wametembea maili sita, wamekata, wamefunga, wamepanda, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, lilikuwa bati.

Mkunga akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tita, anajipiga mapaja. "Tangu alfajiri! Nimeacha mzazi ana uchungu wa kwanza, nakuja kurusha nyasi! Mwalimu, wewe umesoma bure!"

Katekista hakucheka. "Picha zako," akaniambia polepole, "si nyeusi na nyeupe?"

"Ndiyo."

"Basi. Nyasi na bati kwenye nyeusi na nyeupe, nani atajua?"

"Mwalimu, bati halina nywele."

Jamaa wa juu akadakia, "Tuzinyoe!" Uwanja mzima ukalia kwa kicheko. Hata mimi.

Mwingine akasema basi twende tukatoe mabati machache zahanati, ya mbele tu, tuyapange, apige, tuyarudishe. Mkunga akasimama.

"Mle ndani wako wawili, na mmoja sasa hivi huenda ameshazaa. Atakayepanda juu ya wazazi wangu kutoa bati, nitamvunja miguu, halafu nimtibu, halafu nimvunje tena."

Hakuna aliyelirudia.

Katekista akanivuta pembeni. Akanieleza mambo yake. Ana kijana seminari, amepelekwa na misheni. Baiskeli ni ya misheni. Nyumba anayokaa, kazi yake, jina lake, vyote viko mkononi mwa Padri, na Padri yule anamjua, hasamehi kola ya shati. "Simama tu pale penye kigingi," akasema. "Piga utakavyoona. Mungu atasaidia."

Sasa nitasema neno ambalo sijamwambia mtu. Mlango wa kanisa lile unatazama machweo. Asubuhi ile jua lilikuwa nyuma ya jengo, limekaa sawasawa kwenye ncha ya paa. Mtu anayejua kamera anajua maana yake. Ukipiga kuelekea jua, kila kitu kinatoka cheusi kama kivuli. Ukuta mweusi, paa jeusi, mstari tu dhidi ya mbingu. Nyasi, bati, ngozi ya ng'ombe, hakuna ambaye angejua. Ningesimama penye kigingi, ningebonyeza, na Padri angelia machozi ya furaha kwamba kanisa lake limesimama. Wale watu kazi yao haikuwa bure. Walikuwa wamepata bila kujua. Mimi peke yangu nilijua, na sikumwambia.

Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walifikiria haki, walifikiria ukweli. Waongo. Mimi nilifikiria kamera. Nilifikiria lupa ya Padri, ile anayoishika kwenye jicho na kupita nayo juu ya picha inchi kwa inchi. Nilifikiria beseni. Nilijiambia huyu mtu ameogopa miaka mitatu, mimi niogope badala yake kwa nini?

Nikaenda kushoto.

"Kuna miba!" katekista akapiga kelele.

Nikazunguka mpaka ubavuni, pale unapoona ukuta wote, kile kipande cha nyasi mbele kama kofia ya mtoto kichwani mwa mtu mzima, na nyuma yake mbingu tupu na mpapai. Watu walikuwa bado juu. Nikawaambia wakae hivyo hivyo. Wakanyoosha mikono ubavuni, juu ya ukuta, hawacheki. Picha ni picha. Katekista akaja mbio, akasimama mbele yangu, amepanua mikono kama anayefukuza kuku. Nikachungulia. Alikuwa ndani ya picha, katikati. Sikuwa na nyingine. Nikabonyeza.

Hakunitukana. Aliteremsha mikono tu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Juu ukutani mtu mmoja akauliza, "Sasa tumalizie au tushuke?" Wakashuka.

Nilirudi Nachingwea siku ya tatu. Nikasafisha mikanda mwenyewe. Nikamtandikia Padri picha kitandani. Alizipita moja moja kwa lupa. Kwenye mbuzi alinung'unika. Kwenye mwenyekiti na kalamu akauliza, "Huyu ni kanisa gani?" Ya mwisho aliishika muda mrefu.

"Huyu anafanya nini na mikono?"

"Anazuia picha."

"Bati langu liko wapi?"

"Juu ya wazazi." Nikamweleza zahanati, mvua, turubai. Nikamweleza kila kitu isipokuwa jua.

Akaiweka lupa chini. "Kwa nini hakuniandikia?"

"Angekuandikia, ungemruhusu?"

Kwa hili nampa sifa yake, na sifa zake kwangu si nyingi. Angeweza kusema ndiyo. Alifikiri, uso umekunjamana, kisha akasema, "Nisingemruhusu."

Nilidhani limekwisha. Akaomba karatasi. Akaandika palepale, kalamu inakwaruza, akaitia kwenye bahasha, hakuifunga. Alijua kusoma kwangu ni kwa kuchechemea, na mwandiko wake ni wa kuku. Akanipa.

"Kamera ni yako. Ulifanya nilichokwambia. Sasa mpelekee hii. Wewe mwenyewe."

Ningeweza kukataa. Kamera ilikuwa imeshaning'inia kifuani. Sikukataa, na sikuisoma ile barua, haikuhitaji kusomwa.

Safari ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza hata kama njia ni ileile. Sikupika, sikuomba chakula kwa mtu, kila kijiji nilikipita kama nimeiba. Nilimkuta katekista nyumbani kwake, kijiji kipya, anasuka kamba ya kitanda. Akaipokea barua kwa mikono miwili. Akaisoma amesimama. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfukoni mwa shati.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mwalimu."

Sikuwa nimekula tangu jana mchana. Sijui kwa nini nilisema vile. Mkewe alikuwa na sufuria jikoni, harufu ya mbaazi ilijaa uwanja wote.

Akaingia ndani akatoka na baiskeli ya misheni. Ilikuwa imefutwa, mnyororo umetiwa mafuta. Akanikabidhi usukani. "Irudishe. Mwambie haina pancha."

Basi nikaondoka na baiskeli mbili. Mojawapo nimeipanda, ya pili naikokota kwa mkono wa kushoto. Aliyewahi kufanya hivyo anajua. Ukipata shimo zinagongana, pedali inakuchuna muundi. Ilinilazimu kupita mbele ya zahanati. Bati lilikuwa linawaka jua, nadhifu, misumari iliyonyooshwa. Mkunga alikuwa mlangoni, anamwaga maji ya beseni. Aliniangalia, akaangalia kamera kifuani, akaangalia baiskeli ya pili, akaijua.

"Naona umeanza utajiri," akasema. "Leo unaendesha mbili."

Akaingia ndani. Ndani mtoto alikuwa analia.

Katekista aliondolewa. Kijana wake akatoka seminari mwaka uleule. Nasikia alikwenda kuchimba dhahabu Namungo kabla watu hawajapajua vizuri, akafa au akahama, sijui. Kijiji kile hawakuniita tena. Nimepiga unyago wa Nachingwea yote na Ruangwa yote, harusi, vitambulisho, wanajeshi, watoto wa shule, maiti. Kule hakuna aliyeniita hata siku moja, na mimi sikupeleka mguu. Wakati mwingine mtu wa kule alikuja mjini kutafuta picha ya kitambulisho, akaniona nyuma ya kamera, akageuka akaenda kwa yule mwalimu wa kuringa, ambaye picha zake zilikuwa mbovu. Shauri yake.

Padri alikwenda kwao na picha zote. Hakuniandikia.

Sikuomba kitu kwa mtu tangu hapo. Leo hii nina nyumba ya matofali ya kuchoma Nachingwea mjini, vyumba saba, umeme umo. Nyumba nyingine ya kupangisha karibu na stendi. Frem tatu za duka Ruangwa. Ekari kumi na nane za mikorosho, ekari tano za ufuta. Mashine mbili za kusaga, moja mbovu. Pikipiki. Ng'ombe wanne. Kisima chenye maji mwaka mzima. Meno ya juu ya bandia. Ya chini ni yangu.